Gongo la Oduya: Mtoto wa Mkenya Aliyetwaa Kombe la Barafuni Mara Mbili Sisi Tukiwa Usingizini

Wadau, leo tuziweke pembeni Simba na Yanga. Tukirudi tutazikuta palepale.

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2013, saa kumi na moja na kitu alfajiri, wazee wa Bagamoyo wanatoka msikitini na akina mama wa chapati wanapuliza moto, kule Boston, Marekani, ilikuwa bado usiku wa Jumatatu. Fainali ya mpira wa magongo wa barafuni, ya ligi yao kubwa ya NHL, ilikuwa imebakiza dakika moja na sekunde chache. Fainali yao ni ya mechi saba, anayewahi kushinda nne ndiye bingwa. Chicago walishashinda tatu, Boston mbili, na hii ilikuwa ya sita. Boston wanaongoza 2-1 nyumbani, uwanja mzima umesimama, watu wanajiandaa kwa mechi ya saba. Chicago wakamtoa golikipa wao wakaingiza mshambuliaji (kule ruksa, ukiwa na moyo wa kuacha goli tupu), wakasawazisha. Zikapita sekunde 17 tu. Beki mmoja wa Chicago akaachia shuti kutoka mbali, kile kisahani cheusi kikamgusa mwenzake, kikagonga mwamba, kikamdondokea Dave Bolland, ambaye hakubakiwa na kazi zaidi ya kusukuma ndani. 3-2. Kombe la Stanley likaenda Chicago.

Beki yule aliyeachia shuti anaitwa Johnny Oduya. Rudia kulisoma hilo jina la pili.

Alizaliwa Stockholm, Sweden, mwaka 1981, mama Mswidi na baba Mkenya. Huko barafu si ajabu, mtoto anavaa viatu vya kuteleza kama watoto wa kwetu wanavyokimbilia chandimu. Kaka yake Fredrik naye alikuwa mchezaji, akateuliwa na klabu ya San Jose mwaka 1993, lakini hakufika kucheza ligi ile kubwa. Johnny alikwenda Kanada akiwa kijana kutafuta njia, na mwaka 2001 Washington wakamteua akiwa wa 221 kwenye orodha. Wa 221! Kwa lugha yetu hapo umeitwa ili jezi zisibaki. Hawakumpa hata mkataba. Akarudi Sweden, akacheza Djurgården na Frölunda, na ilikuwa mwaka 2006, akiwa na miaka 25, ndipo New Jersey walipomchukua na akaanza kucheza kwa wakubwa. Mwishoni mwa 2011 Fredrik akafariki kwa ajali ya pikipiki. Miezi mitatu baadaye Johnny akauzwa Chicago.

Msimu ule wa 2012/13 nao ulikuwa na vituko vyake. Wenye timu na wachezaji waligombania fedha, wenye timu wakafunga milango, ligi ikaanza Januari badala ya Oktoba na mechi zikapunguzwa hadi 48. Wapenzi walinuna, wengine wakaapa hawakanyagi tena uwanjani. Halafu Chicago wakacheza mechi 24 za mwanzo bila kufungwa ndani ya dakika za kawaida, na viapo vyote vikasahaulika. Mpenzi wa mpira ni yuleyule, awe amekaa kijiweni Chalinze au kwenye baa ya Chicago.

Ila wenzetu wana ugomvi mmoja ambao sisi hatuna, nao ni wa vyuo. Marekani timu ya chuo kikuu ina mashabiki wake wa kufa na kuzikana. Pale Boston vyuo vinne, Boston College, Boston University, Harvard na Northeastern, vinagombea kombe lao kila Februari tangu miaka ya 1950, na ukumbi unajaa. Kijana anaweza kuteuliwa na klabu ya NHL akiwa na miaka 18, halafu akaendelea kukaa chuoni huku klabu inamsubiri. Basi hapo msimu mzima ni mabishano. Shabiki wa chuo anasema mwacheni dogo amalize masomo, amekomaa nusu. Shabiki wa klabu anasema aje leo, tuna beki mbovu. Wote wawili wanamwita dogo "wetu". Fikiria kama mashindano ya UMISSETA yangekuwa na mashabiki wanaovaa jezi za shule na kuwagomea Simba wasimchukue mtoto wa kidato cha nne. Tungefika mbali, au tungepigana, sijui kipi kingetangulia.

Neno "wetu" ndilo lililonifanya niandike haya.

Wiki moja tu baada ya goli lile, tarehe 1 Julai 2013, Barack Obama alitua Dar es Salaam. Mnakumbuka mji ulivyopigwa deki. Ocean Road ikapewa jina lake, watu wakajipanga barabarani na kanga zenye picha yake, na kesho yake pale mitambo ya umeme Ubungo akapigapiga ule mpira unaozalisha umeme. Kwa nini tulimchukulia kama ndugu aliyerudi nyumbani? Kwa sababu baba yake alikuwa Mkenya na yeye alikulia mbali akawa mkubwa. Sawa kabisa. Sasa, mwaka uleule, juma lililotangulia, mji uleule wa Chicago ambao ndio mji wa Obama kisiasa, mtoto mwingine wa baba Mkenya alikuwa ametoka kuanzisha goli la ubingwa. Kwenye vijiwe vyetu vya Pwani hakuna aliyemtaja. Sisi tulikuwa tunajadili Yanga waliotwaa ubingwa na Simba wanajipangaje. Novemba mwaka huo timu ya Chicago ikaenda Ikulu ya Marekani kupongezwa na Obama mwenyewe, na hapo pia sikusikia mtu akisema lolote.

Wapo watakaosema Oduya ni Mswidi, aliichezea Sweden, tumwache. Ni kweli aliichezea Sweden, akapata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Lakini Obama naye ni Mmarekani, na hiyo haikutuzuia. Tena angalia tulivyofanya Januari 2020 Mbwana Samatta aliposajiliwa Aston Villa: kwa usiku mmoja nchi nzima ikawa ya Birmingham, kurasa za Villa zikajaa Kiswahili mpaka wenyewe wakashangaa. Watu ambao jana yake hawakujua jezi ya Villa ina rangi gani wakaanza kubishana kuhusu kocha.

Kwa maoni yangu Oduya hatukumkosa kwa sababu ya pasipoti. Tulimkosa kwa sababu hatukuwa na mahali pa kumbishania. Samatta kila mtu alijua anachofanya, maana kila mtu amewahi kupiga mpira, hata wa makaratasi. Beki wa barafuni utamhukumu vipi kama hujawahi hata kusimama kwenye barafu? Ushabiki unatoka miguuni kwanza, ndipo unapanda mdomoni.

Na hili tumelishuhudia kwenye magongo ya nyasi, ambayo hayahitaji baridi yoyote. Kenya walimaliza wa nne kwenye Kombe la Dunia la magongo la kwanza kabisa, Barcelona mwaka 1971, wakiwa na akina Avtar Singh Sohal, vijana wa familia za Kihindi waliokulia kwenye klabu zenye viwanja vyake. Na sisi Watanzania tulikwenda Olimpiki. Ndiyo, Tanzania, magongo, Moscow 1980! Mataifa mengi yalisusia michezo ile kwa sababu ya Afghanistan, nafasi zikabaki wazi, na timu yetu ikawa moja ya sita zilizoshiriki. India walitufunga 18-0. Hispania 12-0. Wenyeji Wasovieti 11-2, Poland 9-1, Cuba 4-0. Tukamaliza wa sita kati ya sita. India ndio waliotwaa dhahabu.

Ukimsimulia mtu hizo 18 anacheka, na mimi sina neno na kicheko chake. Kinachonikera ni kwamba wengi hawacheki kwa sababu hawajui kabisa kama tulikwenda. Olimpiki ileile tunaikumbuka kwa fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na ni haki yao. Lakini wale vijana wa magongo waliingia uwanjani mechi ya kwanza wakachapwa 18, wakarudi ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Zimbabwe nao waliziba nafasi hivyohivyo kwa timu ya wanawake iliyokusanywa harakaharaka, wakarudi na dhahabu. Kwetu waliobaki na kumbukumbu ni wachache waliocheza na familia zao.

Sasa twende Nairobi, maana huko ndiko barafu ilikopata pa kukaa.

Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo. Ulikuwa wa burudani, wa watoto wa wenye uwezo kuteleza Jumapili na kupiga picha. Ni mdogo, hauna zile mita 61 kwa 26 za viwanja vya NHL. Wageni kutoka Kanada na Marekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi wakaona hapa magongo yanawezekana, wakaanza kucheza wenyewe kwa wenyewe. Halafu wakaja vijana wa Nairobi waliokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu barabarani na kwenye maegesho ya magari. Wale walishajua kusimama. Barafu ikawa ni kubadilisha kiatu tu. Kutokana na hao ikazaliwa timu ya Ice Lions. Tatizo likawa moja, la kuchekesha na kuumiza: hawakuwa na mpinzani. Timu peke yake kwenye nchi, inagawana katikati na kucheza yenyewe kwa yenyewe, wiki baada ya wiki, kwa viatu na vifaa vya kuazimana.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawasafirisha wachezaji 12 hadi Toronto ili kwa mara ya kwanza wacheze na timu nyingine. Wakavalishwa vifaa kamili, wakapangiwa kikosi cha wazima moto. Wakiwa chumba cha kubadilishia nguo wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa dunia wa mchezo huo, wakasema leo tunacheza upande wenu. Lilikuwa tangazo la biashara, tusijidanganye. Video ilizunguka dunia nzima mpaka kwenye simu zetu, na vijiweni hatimaye watu wakabishana: wengine wakicheka Mwafrika kuteleza, wengine wakiuliza wanalipwa shilingi ngapi. Yale yalikuwa mabishano ya kwanza ya magongo ya barafuni niliyoyasikia kwa Kiswahili. Na huyo Crosby ndiye aliyewafunga akina Oduya goli la pili kwenye fainali ya Sochi, Kanada 3, Sweden 0. Hakuna kijiweni aliyeunganisha hayo mawili.

Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Afrika Kusini walikuwemo tangu 1937, kwa hiyo tusiseme bara lilikuwa halijagusa barafu, ila kwa ukanda wetu huu ndio wa kwanza. Na bado wanategemea uwanja mmoja, wa hoteli. Mwenye hoteli akiamua kesho paweke ukumbi wa harusi, mchezo umekwisha. Kuna watoto wanaofundishwa pale sasa hivi, wengine hawajafika darasa la tano, na wazazi wao wanakaa pembeni na makoti wakipiga kelele kwamba mwamuzi hajui. Hiyo kelele Oduya hakuipata kutoka kwetu, na ameshaacha kucheza. Jina lake limechongwa kwenye lile kombe mara mbili, la 2013 na la 2015, kwa sababu kule kila bingwa anachongwa jina lake.

Wanaopanda mabasi ya Nairobi hapa Chalinze, ukishapita Namanga na Athi River ukaingia Barabara ya Mombasa, angalia majengo kabla hujafika katikati ya mji. Panari ipo pale. Beba sweta.