Leipzig 1989: Amri iliyokosa mtoaji

Saa nane mchana, Jumatatu ya Oktoba 9, 1989, mamia ya makada wa SED, chama tawala cha Ujerumani Mashariki, walikuwa wameshawahi viti katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig. Walitumwa wakae humo mpaka jioni, ili wanaokuja kwenye sala ya amani ya kila Jumatatu wakose nafasi. Mitaani walipangwa polisi, wanajeshi na mgambo wa viwandani, jumla yao wapatao 8,000. Hospitali zilijiandaa kupokea majeruhi.

Watu wa Leipzig walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Wazee walikumbuka Juni 17, 1953, vifaru vya Kisovieti vilipozima mgomo wa wafanyakazi. Vijana walikuwa na mfano wa karibu zaidi: miezi minne tu ilikuwa imepita tangu jeshi la China liwapige risasi waandamanaji Beijing, usiku wa kuamkia Juni 4. Bunge la Ujerumani Mashariki halikulaani mauaji hayo. Juni 8 lilipitisha azimio la kuiunga mkono serikali ya China, na mwishoni mwa Septemba Egon Krenz, kigogo wa pili baada ya kiongozi wa nchi, Erich Honecker, akasafiri kwenda Beijing kusherehekea miaka 40 ya utawala wa kikomunisti. Nyumbani ujumbe ulieleweka bila kufafanuliwa. Aliyekuwa na shaka aliondolewa shaka na gazeti la chama la Leipzig: Oktoba 6 lilichapisha barua ya kamanda wa mgambo aliyeapa kuulinda ujamaa, ikibidi kwa silaha. Kesho yake polisi walikamata watu mitaani na kuwafungia baadhi yao kwenye mabanda ya farasi huko Markkleeberg, nje kidogo ya mji.

Kwetu Ujerumani Mashariki ilikuwa dola rafiki. Ghorofa za Kikwajuni na Kilimani kule Zanzibar zilijengwa kwa msaada wake, na Kiswahili kilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Inauma kutambua kwamba waliokuwa wakarimu kwa wageni namna hiyo hawakuweza kuvumilia raia wao wadai uchaguzi usioibwa na ruhusa ya kusafiri.

Jumatatu ile sala ilipomalizika, karibu saa 12 jioni, sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, ilisikika kwenye vipaza sauti vya mji. Alisoma wito wa watu sita, akiwemo yeye mwenyewe, wa kuomba utulivu na mazungumzo. Watatu kati yao walikuwa makatibu wa SED wa mkoa, na walisaini bila idhini ya Berlin. Nje ya kanisa na barabarani walikuwapo watu wapatao 70,000. Walishika mishumaa na kuimba kwamba wao ndio wananchi, huku wakikumbushana wasitumie nguvu. Walipopita mbele ya jengo la Stasi, polisi wa siri, hakuna aliyerusha jiwe.

Helmut Hackenberg, aliyekaimu uongozi wa chama mkoani, alimpigia simu Krenz kuuliza la kufanya. Krenz alisema angempigia baadaye. Dakika zikapita, umati ukazidi kusogea, na takribani saa 12:30 Hackenberg akaamua mwenyewe: vikosi virudi nyuma na vijilinde tu. Simu ya Krenz ilikuja karibu saa 1:15 usiku, waandamanaji wakiwa wameshapita. Baadaye Krenz alidai sifa kwamba yeye ndiye aliyeepusha damu. Sikubaliani naye. Mkubwa aliyekaa kimya mpaka hatari ipite hajaepusha kitu.

Wapo wanaosema Leipzig iliokolewa na utu wa makamanda wake. Utu ulikuwapo, lakini hata Beijing ulikuwapo. Jenerali Xu Qinxian, kamanda wa Jeshi la 38, alikataa kuongoza askari wake dhidi ya raia. Alivuliwa cheo na kufungwa miaka mitano, na jeshi likaingia mjini bila yeye. Zhao Ziyang, katibu mkuu wa chama, alipinga matumizi ya nguvu. Akang'olewa, akaishi kizuizini nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 2005. Juu yao alikuwapo Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China, aliyekuwa tayari kutoa amri na kuisimamia. Ujerumani Mashariki haikuwa na mtu wa namna hiyo. Honecker alikuwa mzee mgonjwa, na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, aliwaacha askari wake zaidi ya 300,000 waliokuwa nchini humo wabaki kambini. Kila kiongozi alingoja mwenzake aseme neno. Umati wa watu 70,000 ndio uliofanya neno hilo liwe zito mno kutamkwa. Wangekuwa 5,000, naamini wangepigwa kama waliowatangulia.

Vijana wawili, Aram Radomski na Siegbert Schefke, walikuwa wamejificha juu ya mnara wa kanisa lingine wakipiga picha za video. Kanda ilivushwa kwa siri hadi Berlin Magharibi, na kesho yake televisheni ya Ujerumani Magharibi, iliyotazamwa pia Mashariki, ikaionyesha. Jumatatu iliyofuata walijitokeza zaidi ya 100,000. Oktoba 18, Honecker akajiuzulu.