Barua Iliyofutwa na Kanda Iliyobaki

Makala haya yanahusu istilahi moja ambayo bado haijatulia katika Kiswahili, nayo ni jina la ile nakala ambayo msimamizi wa seva za barua pepe huiandaa kila usiku ili, likitokea la kutokea, barua za ofisi ziweze kurejeshwa. Wako wanaoiita nakala rudufu, wako wanaoiita chelezo, wengine husema nakala ya akiba, na katika ofisi nyingi husikika bekapu tu. Mijadala ya namna hii aghalabu huanzia katika kamusi na kuishia huko huko. Mimi naona yafaa tuanzie katika historia, kwa sababu yako mambo yaliyotukia Marekani kati ya mwaka 1986 na 1995 ambayo yanaonyesha, kwa uwazi kuliko kamusi yoyote, dhana hii ina viungo vingapi, na ni hatari gani humpata mtu asiyevitenganisha.

Kwanza tuitazame barua pepe yenyewe. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman mjini Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kompyuta hizo zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, ingawa ujumbe wenyewe ulipitia katika mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Neno letu barua pepe lilikuja baadaye sana, nalo ni tamu masikioni, lakini lina udanganyifu wake. Pepe hutuelekeza kwenye upepo na kupeperuka, kana kwamba barua hurushwa hewani, ikafika, na nyuma yake pasibaki kitu. Mambo sivyo yalivyo. Kwa kawaida seva ya mtumaji hubaki na nakala, seva ya mpokeaji huwa na nakala, na kila kituo cha kati huishika, japo kwa muda mfupi, hadi kituo kinachofuata kikiri kwamba kimeipokea. Barua ya karatasi ni moja nayo huhama. Barua pepe huzaliana.

Hilo ndilo ambalo wakubwa fulani wa Ikulu ya Marekani hawakulielewa. Watumishi wa Baraza la Usalama wa Taifa la nchi hiyo, chini ya Rais Ronald Reagan, walianza mwaka 1985 kuutumia kwa ukamilifu mfumo wa kampuni ya IBM ulioitwa PROFS. Mfumo huo haukuwa na tofauti kubwa na mifumo ya barua ya makampuni makubwa ya miaka ile: kompyuta kubwa moja katikati, skrini na kibodi mezani kwa watumishi, na nyuma ya pazia mafundi waliokuwa na ratiba ya kunakili yaliyomo katika diski kwenye kanda za sumaku. Kanda hizo hazikukusudiwa kuwa nyaraka. Zilikuwa kinga dhidi ya kuharibika kwa diski, na baada ya muda zilirudishwa mashineni ziandikwe upya juu ya maandishi ya zamani.

Mwezi Novemba 1986 ikafichuka kwamba serikali ya Reagan ilikuwa ikiiuzia Iran silaha kwa siri, na kwamba sehemu ya fedha zilizopatikana ilipelekwa kwa waasi wa Contra waliokuwa wakipigana na serikali ya Nikaragua. Wahusika wakuu wawili walikuwa Admeri John Poindexter, mshauri wa Rais katika mambo ya usalama, na Luteni Kanali Oliver North. Karatasi zilipitishwa katika mashine ya kukatakata. Barua za PROFS walizifuta wenyewe kwa vidole vyao: Poindexter zaidi ya 5,000, North zaidi ya 700. Wakadhani kazi imekwisha.

Lakini kanda zilikuwa zimekwisha andikwa, na watumishi wa mawasiliano wakaziweka kando kabla hazijarudishwa katika mzunguko. Tume iliyoongozwa na aliyekuwa Seneta John Tower, ambayo iliteuliwa Desemba 1986, ilizipata barua hizo, na ripoti yake ya Februari 1987 ikazinukuu kwa kirefu. North mwenyewe, alipohojiwa na wajumbe wa Bunge mwezi Julai mwaka huo, alieleza kwamba waliamini kwa dhati kuwa barua ikishafutwa imepotea milele.

Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kosa la North halikuwa la kompyuta peke yake. Lilikuwa pia kosa la kitenzi. Sisi nasi tumekichukua kitenzi kufuta bila kukiuliza maswali. Kufuta ubao huondoa maandishi, na atakayeingia darasani baadaye hayakuti. Kufuta kesi ni jambo jingine: kesi huondolewa nguvu, lakini jalada lake hubaki masijala. Ufutaji wa barua katika seva unafanana na huu wa pili kuliko wa kwanza. Jina la barua huondolewa katika orodha, nafasi iliyokaliwa na barua hutangazwa kuwa tupu, na maandishi yenyewe huweza kubaki pale hadi mengine yaandikwe juu yake. Tena hayo ni ya diski tu. Kanda iliyoandikwa jana haina habari ya amri iliyotolewa leo. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba kufuta ni kuharibu anawafundisha alivyoamini North.

Sehemu ya pili ya kisa ilihusu neno waraka. Tarehe 19 Januari 1989, siku moja kabla Reagan hajaondoka madarakani, mwandishi wa habari Scott Armstrong pamoja na taasisi isiyo ya kiserikali iitwayo National Security Archive walikwenda mahakamani mjini Washington kuzuia kanda za PROFS zisifutwe. Jaji Barrington Parker alitoa amri ya zuio siku hiyo hiyo. Serikali ilidai kwamba barua muhimu zilipaswa kuchapwa katika karatasi, na kwamba karatasi hiyo ikishawekwa jaladani, kilichobaki katika kompyuta si waraka wa serikali. Kesi ilichukua miaka. Mwezi Januari 1993 Jaji Charles Richey aliamua kwamba barua za kompyuta zaweza kuwa nyaraka kwa mujibu wa sheria, na kwamba karatasi haitoshi kuzibadili; mwezi Agosti mwaka huo mahakama ya rufani ikakubaliana naye. Sababu iliyotolewa ni nyepesi kuelewa, nayo mtafsiri wa sheria ataipenda. Karatasi iliyochapwa ilikuwa na maneno ya barua, lakini mara nyingi haikuonyesha majina kamili ya waliotumiwa wala saa barua ilipopokelewa. Mambo hayo yalikuwa ndani ya mfumo tu. Kwa hiyo karatasi na barua havikuwa kitu kimoja.

Usiku wa kuamkia siku ya kuapishwa kwa Bill Clinton, Januari 1993, Rais George Bush alitiliana sahihi na Mkuu wa Nyaraka za Taifa mkataba wa kumpa Bush mamlaka juu ya kanda hizo. Mahakama iliubatilisha mwaka 1995.

Kwetu Tanzania Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inatenganisha mambo mawili kwa majina yake: kumbukumbu ni zile zinazozaliwa na kutumika katika kazi za ofisi, na nyaraka ni zile zilizochaguliwa zidumu. Tofauti hiyo ni hazina, na inasikitisha kuona miongozo ya kompyuta iliyotafsiriwa ikiyavuruga maneno hayo mawili pamoja na la tatu, yaani hifadhi. Mimi mwenyewe si msafi. Miaka michache iliyopita niliifasiria ofisi moja maelekezo ya kusimamia seva yake ya barua, na kila palipotakiwa jina la zile nakala za usiku niliandika hifadhi nakala. Karani mmoja mwangalifu akafanya kama alivyosoma: kila barua aliyoituma akaiweka nakala katika folda yake mwenyewe, ndani ya seva ile ile. Seva ilipoharibika, zote zilikwenda pamoja. Hakukosea yeye.

Kuna tofauti nyingine ambayo kisa cha PROFS hakiionyeshi, bali kimeonyeshwa na tukio la Februari 2011. Kampuni ya Google ilikuwa ikiweka kila barua ya Gmail katika nakala kadhaa, kwenye vituo mbalimbali vilivyo mbali kimoja na kingine. Programu mpya ya kuhifadhia ikaingia na kasoro, na barua za watumiaji wapatao 0.02 kwa mia zikatoweka katika nakala zote kwa mpigo. Nakala zinazofanana saa zote hufanana hata katika kuharibika. Ndugu pacha akiugua, na mwenzake kitanda kimoja. Kilichowaokoa ni kanda, kwa kuwa kanda haikuunganishwa na mashine nyingine na kasoro haikuwa na njia ya kuifikia. Ndiyo maana wasimamizi hushauriana kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Na ndiyo maana msimamizi mzuri hujaribu kurejesha barua siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Kwa mtazamo huo, nakala rudufu haitufai kwa kazi tunayotaka kulipa. Rudufu ni maradufu, kitu na mwenzake, na hivyo hulifaa lile pacha la papo kwa papo lililokufa pamoja na mwenzake. Chelezo lina mvuto. Kwa wavuvi ni boya linaloelea juu na kuonyesha wavu ulipo. Huko Mwanza ni mahali meli inapopandishwa ifanyiwe matengenezo. Picha zote mbili ni nzuri, lakini hakuna hata moja inayobeba dhana ya wakati, yaani kwamba kilichowekwa ni cha jana na ndiyo thamani yake. Katika kikao kimoja mwenzetu alipendekeza kiporo, tukacheka. Hata hivyo alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi, maana kiporo ni chakula cha jana kilichotengwa na cha leo. Akiba ina maana hiyo bila kuchekesha. Akiba hutolewa katika matumizi ikawekwa kando, wala haipungui kila unapotumia kilicho mkononi.

Katika orodha ninayoiandaa, basi, nimeandika nakala pacha kwa ile inayobadilika pamoja na ya asili, nakala ya akiba kwa ile ya usiku inayotengwa, na nyaraka kwa zile zilizochaguliwa zidumu, zisiitwe hifadhi. Kufuta nimekiacha kilivyo, lakini nimekiongezea maelezo ya mistari miwili. Chelezo limewekewa alama ya kuuliza, nami nitafurahi kupata maoni ya walimu wa pwani na wa ziwani kuhusu linavyotumika. Bekapu sikuliandika, ingawa najua ndilo atakalolitamka kila mtu katika simu siku seva itakapozimika.