Nchi Jirani: Reli ya Tanga
Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000 pwani ya Tanga, ni reli hiyo iliyowaletea watetezi msaada kutoka Moshi. Wachache wakawashinda wengi.

Baadaye treni zilinyamaza kwa miaka mingi. Mwaka 2019 Tanzania ilirejesha treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi, na mwaka 2020 treni ikafika tena Arusha. Je, gharama hiyo ina faida? Nauli peke yake haitoi jibu. Saruji ya Tanga yahitaji njia ya kufika bara, na barabara zahitaji kupunguziwa malori. Lakini reli ni kama silaha: isipotunzwa wakati wa amani, haifai siku ya haja.