Kubadilisha betri ya gari nyumbani: kwa nini waya wa hasi hutangulia kutoka

Anayeshika vichwa viwili vya betri ya gari kwa mikono mikavu hapigwi na umeme. Volti 12 ni chache mno kupenya ngozi kavu ya binadamu, na jambo hilo ndilo linalowafanya wenye magari wengi waione betri kuwa chombo kipole, cha kufunguliwa kwa spana yoyote iliyo karibu. Upole huo ni wa upande mmoja tu. Betri hiyo hiyo hutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kwani ndivyo inavyoizungusha injini wakati wa kuwashwa. Chuma kikiunganisha vichwa vyake kwa bahati mbaya, mkondo wote huo hupita katika chuma hicho. Spana huweza kuwa nyekundu kwa moto kabla mshikaji hajatambua kilichotokea, na pete iliyo kidoleni hufanya vivyo hivyo, ila pete haiachiliki kwa urahisi kama spana.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtu mzima mwenye subira aweza kuimaliza uani kwake kwa nusu saa. Isipokuwa ina mpangilio usiokubali kugeuzwa, na mpangilio huo hukumbukwa vyema zaidi na anayejua sababu yake kuliko aliyeukariri.

Je, betri ndiyo mbovu?

Gari linapogoma kuwaka asubuhi, lawama huangukia betri mara moja. Yafaa kupima kwanza. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6, yaani seli 6 zenye volti 2.1 kila moja. Ikisoma karibu na volti 12, imekwisha nguvu, lakini kwisha nguvu si kufa: huenda taa ya ndani ililala ikiwaka, na kuchaji kutatosha. Kipimo cha pili hufanywa injini ikiwa inaunguruma. Hapo kifaa kinapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.7 hivi. Kisipofika 13, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye alteneta au mkanda wake, na betri mpya nayo itaishiwa siku chache baada ya kununuliwa. Kifaa cha kupimia ni cha bei ndogo mno kikilinganishwa na betri iliyonunuliwa bila sababu.

Wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri. Baridi hufichua tu udhaifu uliokwisha kuwapo. Joto ndilo linaloila betri kwa ndani, kwa kuharakisha kutu ya bamba zake za risasi na kupunguza maji yake. Ndiyo maana betri ya gari linaloshinda juani Mombasa au Dar es Salaam haitarajiwi kuishi sawa na ile ya nyanda za juu.

Kwa magari yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Afrika Mashariki, jina la betri huandikwa kwa mfumo unaosomeka. Chukua 55B24L. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu, herufi B ni kipimo cha upana na kimo, 24 ni urefu wake kwa sentimita kwa kukadiria, na L hueleza upande kilipo kichwa chanya. Kuna ndugu yake, 55B24R, anayelingana naye kwa kila kitu isipokuwa vichwa vimebadilishana pande. Mnunuzi akimchukua huyo kwa kutoangalia, waya aghalabu hazitafika, na akizilazimisha zifike, huwa amekaribia kosa la kuzifunga kinyume. Kosa hilo huweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta na kompyuta ya gari kwa pamoja.

Hasi kwanza, hasi mwisho

Gari lizimwe, ufunguo utolewe, breki ya mkono ivutwe. Pete, saa na mkufu vivuliwe. Boneti ifunguliwe na kuachwa wazi kwa dakika kadhaa. Sababu yake itakuja baadaye.

Waya wa hasi ndio unaotangulia kufunguliwa. Maelezo yake ni haya: karibu katika magari yote ya leo, bodi nzima ya gari, pamoja na injini, imeunganishwa na kichwa hasi cha betri. Kila chuma kinachoonekana chini ya boneti ni kama mkono mrefu wa kichwa hicho. Fundi akianza na chanya, spana yake inakuwa imeshika chanya huku imezungukwa na hasi pande zote, na nafasi ya kuizungusha ni finyu. Ikigusa ukingo wa bodi, mzunguko umekamilika, na shoti hiyo haina fyuzi ya kuikata. Akianza na hasi, spana ikagusa bodi, hakuna kinachotokea, kwa kuwa hasi imegusa hasi. Waya huo ukishatoka, bodi haina tena uhusiano na betri, na kichwa chanya kinaweza kufunguliwa bila hofu hiyo. Wakati wa kurudisha, hesabu hugeuka: chanya hufungwa kwanza, hasi mwisho.

Alama za kujumlisha na kutoa zilizochongwa kwenye betri ndizo za kuaminiwa, si rangi ya waya. Katika magari yaliyopita mikononi mwa mafundi wengi, si ajabu kukuta waya zote mbili ni nyeusi, au kifuniko chekundu kimewekwa upande usiokuwa wake. Waya wa hasi ukishafunguliwa, ukunjwe kando na kufunikwa kwa kitambaa kikavu ili usijirudie wenyewe kwenye kichwa.

Kisha hufunguliwa kishikizo kinachoikaza betri mahali pake. Hapa pana mtego, maana chuma cha kishikizo hupita juu ya betri, na kikianguka kikalala juu ya vichwa vyote viwili, shoti ni ile ile hata kama waya zote zimekwisha kutolewa. Betri yenyewe ina uzito wa kilo 12 hadi 20 hivi katika magari madogo. Inyanyuliwe wima, kwa magoti na si kwa mgongo. Mpya ikiingia, kishikizo kirudi. Wapo wanaokiacha kwa kuwa nati imepotea, ilhali katika barabara za mashimo betri inayochezacheza hupukutisha bamba zake na kufa mapema, au huruka na kugusa boneti.

Gesi na asidi

Betri inapochajiwa, ikiwa ni pamoja na wakati gari linatembea, sehemu ya maji yake huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Gesi hiyo ni nyepesi mno na hutawanyika haraka panapokuwa na upenyo, ndiyo sababu ya kuacha boneti wazi, na ndiyo sababu ya kutoifanya kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa. Sigara ni marufuku, na usiku umeme ukikatika, tochi ndiyo taa ya kutumia. Kumulika tundu za betri kwa kibiriti ili kuona kina cha maji ni kujitafutia upofu. Betri inapopasuka hurusha vipande vya plastiki na asidi kwa pamoja, na uso wa aliyeinama ndio ulio karibu zaidi.

Kanuni hiyo hiyo huwahusu wanaowasha gari kwa betri ya jirani. Waya mwekundu huunganisha chanya na chanya. Mweusi huanzia hasi ya betri nzima, lakini upande wa pili haufungwi kwenye betri iliyokufa: hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na cheche hiyo yafaa iruke pasipo na gesi.

Kimiminika kilicho ndani, ambacho wengi hukiita maji ya betri, ni asidi ya salfuriki yenye nguvu za kutosha kutoboa nguo na kuunguza jicho. Glavu za mpira na miwani ya kinga si mapambo. Asidi ikigusa ngozi au jicho, maji safi yanayotiririka ndiyo dawa ya kwanza, kwa muda usiopungua dakika 15, na jicho lililoguswa lifikishwe hospitali hata kama maumivu yametulia. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa huondolewa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu na kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kwani magadi yakiingia ndani huiharibu. Betri ya kuongezwa maji huongezwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Kuimiminia asidi betri kuukuu ili ipate nguvu, desturi isiyokosekana kando ya barabara, huipa uhai wa siku chache na kuzitafuna bamba zilizosalia.

Magari ya mseto, kama Toyota Prius, yanahitaji tahadhari ya ziada. Yana betri ndogo ya volti 12, aghalabu nyuma ya gari, ambayo hubadilishwa kwa mpangilio uliokwisha kuelezwa, ingawa ni ya aina maalumu yenye mrija wa kutolea gesi nje, na mrija huo lazima uunganishwe tena. Betri kubwa inayosukuma gari ni jambo jingine kabisa. Ina volti zinazokaribia 200 au zaidi, za kutosha kuua, na waya zake zimevikwa rangi ya machungwa ili asiyefunzwa asiziguse.

Betri kuukuu

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri iliyotolewa ni risasi, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango salama mwilini, na ambayo hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Risasi hiyo ina soko, na hapo ndipo hatari inapotoka uani na kuingia mtaani. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya wakazi kuvunja betri na kuchekecha udongo wenye risasi majumbani. Mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na mtaa wa Owino Uhuru kiliacha sumu hiyo katika udongo na katika damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyeongoza malalamiko yao baada ya mwanawe mwenyewe kudhurika, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurejesha Desemba 2024.

Kwa mwenye gari, inatosha kuirudisha betri kuukuu kwa muuzaji wakati wa kununua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei. Isimwagwe asidi yake mtaroni ili iwe nyepesi kubeba, wala isiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu atakayeipasua kwa shoka. Ikisubiri kupelekwa, ikae wima juu ya ubao, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa kwa utepe wa plastiki, mahali ambapo watoto hawachezi. Na njiani isafirishwe kwenye buti, imefungwa isianguke, si kwenye kiti cha abiria.