Baa Iliyobomolewa Ikasimama Tena

Ndugu zangu wa ukoo, popote mlipo,

Katika kijitabu hiki nimechagua kueleza historia ya baa moja ya London. Najua baadhi ya wazee watakunja uso; nawaomba wasome hadi mwisho, kwani habari yenyewe si ya pombe.

Carlton Tavern iko Kilburn, katika barabara ya Carlton Vale. Ilijengwa mwaka 1920 na 1921 kwa ajili ya kampuni ya pombe ya Charrington. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliubomoa mtaa, yenyewe ikasalimika. Karibu miaka mia baadaye, vigae na mapambo yake ya ndani vilikuwa bado vile vile.

Mwezi Aprili 2015, kampuni iliyokuwa imelinunua jengo hilo ililibomoa bila kibali. Halmashauri ya Westminster ilikuwa imekwisha kuikatalia ombi la kujenga makazi mahali pale. Nayo taasisi ya Historic England ilikuwa karibu kupendekeza jengo liingizwe katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Halmashauri ikaiamuru kampuni ilijenge upya kama lilivyokuwa. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2016 ikashindwa. Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena.

Amri hiyo ilitekelezeka kwa sababu moja. Wakazi wa mtaa walikuwa wameingiwa na shaka mapema, wakaomba jengo lihifadhiwe. Historic England ikalipiga picha na kuchukua nakala za vigae kwa plasta. Mafundi hawakubahatisha.

Miaka yangu ya utumishi serikalini ilinifunza kwamba jalada linalodharauliwa leo ndilo huamua shauri kesho. Nyumba za wazee wetu kule nyumbani nazo zinaanguka moja baada ya nyingine, na watoto waliozaliwa ugenini hawazijui. Hakuna halmashauri itakayoamuru zirudishwe. Kumbukumbu zake, hata hivyo, zimo mikononi mwetu.

Kwa hiyo naomba kila kaya ilete picha ilizo nazo. Nyuma ya kila picha iandikwe mtaa, mwaka na majina ya waliomo. Wasio na picha wachore ramani ya nyumba: kisima kilikuwa wapi, bibi alilala chumba kipi, baraza ilitazama upande gani. Wanaoyakumbuka hayo wangali hai. Tuwaulize mwaka huu.