Vibali vya Gardiner

Kwenye lango la kaskazini la hifadhi ya Yellowstone, ulipo mji mdogo wa Gardiner katika jimbo la Montana, limesimama tao kubwa la mawe ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 24 Aprili 1903 mbele ya Rais Theodore Roosevelt, ndiye yule aliyeshuka Mombasa miaka sita baadaye, urais wake ukiwa umekwisha, akija kuwinda katika bara letu. Karibu na tao hilo hupita njia ya kale ya elki, mnyama mwenye kwato aliye mfano wa kulungu ila mkubwa mno, ambaye dume lake hufikia kilo 300 na kupita. Theluji inapozidi milimani huteremka makundi kwa makundi kufuata malisho ya bondeni, na tangu 1976 mpaka 2009, ifikapo Januari, walikuwa wakingojwa hapo na wawindaji wenye vibali mifukoni.

Vibali vya majike vilitolewa kwa kura, na aliyejaliwa kukipata alifunga safari ya mamia ya maili, akaamka kabla ya alfajiri katika baridi ya kugandisha pumzi, akitumaini kwamba kabla ya jua kutua ataifunga karatasi ile kwenye mzoga, kama sheria ilivyoamuru, na kurudi nyumbani na kitoweo cha miezi mingi. Katika miaka ya mwisho wengi walirudi na karatasi zao kama walivyokuja nazo. Uchungu wa mtu huyo siudharau hata kidogo, kwani watu wa mabonde yale wamelea watoto wao kwa nyama ya elki, na baba humfundisha mwanawe kusoma nyayo kama nahodha wa kwetu alivyomfundisha wake kusoma nyota. Lakini tarehe ya kundi lile yafaa isimuliwe tangu mwanzo, maana wingi ambao wazee wa Gardiner wanaukumbuka ulikuwa na sababu zake.

Hifadhi ilipoasisiwa mwaka 1872 haikuwa na ulinzi wa maana, na wachuna ngozi waliingia watakavyo. Katika majira ya kuchipua ya 1875 ndugu wa ukoo wa Bottler walisemekana kuua elki wapatao 2,000 katika viunga vya Mammoth Hot Springs, wakachukua ngozi na kuacha sehemu kubwa ya nyama ioze. Uwindaji ndani ya hifadhi ulipigwa marufuku 1883, jeshi likakabidhiwa ulinzi 1886, na sheria yenye meno ikapatikana 1894. Hata hivyo majangili hawakukoma, kwa ajili ya jambo ambalo msomaji wa pwani atalielewa upesi: elki ana meno mawili katika taya la juu ambayo ni mithili ya pembe ya ndovu. Wanawake wa kabila la Wacrow waliyashona kwa mamia kwenye mavazi yao, yakawa dalili ya utajiri na heshima ya nyumba; kisha wanachama wa udugu mmoja wa mijini, ulioitwa kwa jina la mnyama huyo, wakapenda kuyaning'iniza kwenye minyororo ya saa zao, na kwa tamaa ya meno mawili mnyama mzima akauawa na kutupwa. Sisi ambao misafara ya pembe ilipita katika ardhi yetu hatuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Ulinzi ulipotengemaa, walinzi wale wale wakageukia mbwa-mwitu, wakawaua hata ilipofika 1926 hakusalia kundi lao hata moja. Elki wakaongezeka pasipo adui, wakaila miche ya mierebi mpaka mizizini, na wenye mamlaka wakaona hawana budi kuwapunguza kwa bunduki zao wenyewe: katika baridi ya 1961 na 1962 waliuawa zaidi ya 4,000. Raia wakaghadhibika, kazi ile ikasitishwa mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 1976 jimbo likaanzisha msimu wa kuwinda wakati wa baridi huko Gardiner, ili raia wapunguze kundi nje ya mpaka. Ndipo penye kiini cha habari hii: kibali kile kilizaliwa na wingi uliopindukia, na wingi wenyewe ulitokana na mauaji ya mbwa-mwitu nusu karne kabla.

Mwaka 1994 walihesabiwa elki wapatao 19,000. Mwaka 1995 na 1996 mbwa-mwitu 31 waliletwa kutoka Kanada na kufunguliwa hifadhini. Baridi kali ya 1996 na 1997 ikaua elki wengi. Ukame ukafuata, na dubu wakazidi kula ndama. Hata hesabu ya 2013 ikapungua chini ya 4,000. Vibali vya majike, vilivyokuwa vikipita elfu moja, vilishushwa hadi 100 mwaka 2006, na baada ya 2009 msimu ule haukurudi. Mjini lawama zote huwaangukia mbwa-mwitu, nami naona ni haki nusu tu, kwa kuwa mbwa-mwitu huchukua zaidi ndama na wazee, ilhali risasi za Januari ziliwachukua majike walio katika umri bora wa kuzaa, na kwa miaka kadhaa vibali viliendelea kutolewa kwa wingi huku kundi likishuka.

Msimu wa kuwinda wa vuli ungalipo. Elki waliosalia wengi wao sasa hupita Gardiner bila kukawia na kwenda kupitisha baridi kaskazini zaidi, katika mashamba ya watu kando ya mto, ambako mwenye karatasi hana ruhusa ya kuingia mpaka abishe hodi kwa mwenye shamba.