Ufito wa Dozi Haupimi Ini

Siku ya dawa za kichocho katika shule za Mwea, nchini Kenya, mtoto husimama wima, mgongo umegusa ufito wenye alama. Akiwa kati ya sentimita 94 na 109, hupewa kidonge kimoja cha prazikwanteli cha miligramu 600. Kati ya 125 na 137, viwili. Akishafikisha 160, vinne. Ufito huo hukadiria uzito kutokana na kimo, ili kila mtoto apate takriban miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwalimu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaumudu, na mizani haihitajiki. Katika tambarare ambako maji ya mito Thiba na Nyamindi yamegawiwa mashamba ya mpunga kwa mifereji tangu miaka ya 1950, na konokono waenezao kichocho cha matumbo wakapata makao ndani ya mifereji hiyo hiyo, chombo hiki kinastahili heshima.

Ila ufito haupimi ini. Kidonge kikishamezwa, sehemu kubwa ya prazikwanteli huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla haijaenea mwilini, na kasi ya vimeng'enya hivyo hutegemea jeni ambazo mtoto amerithi kwa baba na mama. Kimojawapo hujulikana kwa alama ya CYP2C19. Wako ambao chao hufanya kazi polepole, dawa ikabaki kwa wingi kwenye damu. Wako ambao chao kina kasi, dawa ikapungua mapema. Watafiti waliowachunguza watoto wa shule wenye kichocho kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta viwango vya prazikwanteli kwenye damu vikitofautiana kulingana na jeni hiyo. Watoto wawili wa Wang'uru, Mwea, wenye kimo kimoja, waliopewa vidonge sawa kutoka kopo moja, huenda wamepata matibabu mawili tofauti.

Sisemi kwamba ugawaji wa dawa shuleni una kosa. Prazikwanteli ni dawa salama, na pengo kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni pana. Wala si kila mtoto anayetapika au kushikwa na tumbo baada ya kuimeza ameponzwa na jeni zake. Mara nyingi ni minyoo mingi inayokufa kwa pamoja. Ninachokataa ni kuibeba fikra ya ufito, kwamba umbo la nje linatosha kumweleza mgonjwa, na kuipeleka kwenye dawa ambazo pengo lake ni jembamba.

Chukua isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Huondolewa mwilini kwa msaada wa kimeng'enya cha NAT2, na tangu miaka ya 1950 imefahamika kwamba wanadamu hugawanyika waziwazi kati ya wanaoiondoa haraka na wanaoiondoa polepole. Hawa wa polepole ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa ganzi na kuchomwachomwa nyayoni. Mkulima wa mpunga anayeshinda peku kwenye matope anaweza kudhani ni maji tu. Kenya imelishughulikia jambo hili bila kupima jeni ya yeyote: mwongozo wa matibabu unataka isoniazidi iandamane na vitamini B6, inayokinga mishipa ya fahamu. Ni suluhisho la bei ndogo, nami naliona kuwa mfano bora wa sera inayokiri kwamba miili haifanani. Efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi, ilipata tiba nyingine ya kisera: kipimo cha miligramu 600, kilichowaletea wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha, kilionekana kuwa kikubwa kuliko inavyohitajika, na 400 ikakubalika.

Kwa dawa nyingine, kinga ya jumla haipo. Abakaviri, ambayo hutumiwa sana kwa watoto wenye virusi hivyo, inaweza kuzua mzio mkali kwa mwenye jeni ya HLA-B*57:01, na akirudishiwa dawa baada ya mzio huo anaweza kufa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Waafrika hawana jeni hiyo kwa kiasi cha kutia hofu. Mradi wa kimataifa wa HapMap ulipochukua sampuli nchini Kenya, takwimu zilikataa: kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, jeni hiyo haikuonekana, kwa Waluhya wa Webuye ilikuwa asilimia 3.3, na kwa Wamaasai wa Kinyawa asilimia 13.6. Neno "Mwafrika" kwenye faili la hospitali halikumweleza daktari chochote.

Hapo wengine watasema: basi tuandike kabila. Mwea yenyewe inawajibu. Skimu yake ya umwagiliaji ilifunguliwa kwa kazi ya lazima ya wafungwa wa Mau Mau, kisha ikajazwa na watu wasio na ardhi kutoka pembe tofauti za Mlima Kenya. Leo wazawa wa vijiji vyake wana bibi wa Gichugu, babu wa Embu, mama wa Ukambani. Hata pasipo mchanganyiko huo, asilimia 13.6 ni wastani wa kundi. Haimwambii muuguzi wa Kimbimbi, Mwea, kama mtoto aliye mbele yake ni mmoja wa wenye jeni hiyo.

Kinachowezekana sasa hivi, kabla ya maabara ya jeni kufika kaunti, ni kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na kadi ya tahadhari ambayo mgonjwa huenda nayo popote. Zijazwe zahanatini na shuleni, jina la dawa, kipimo na kilichotokea, na mzazi aondoke na nakala. Kipimo cha jeni kitakapopatikana, kianze na wale ambao kadi zao tayari zina maandishi.